Nauza seti ya tabo ya 1HZ: bei gani, na nimuuzie nani?

Kitunguu_Karatu

Habari za jioni wakuu. Nina seti ya tabo (turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa zaidi kwenye injini) ya 1HZ, ile dizeli ya Toyota ya silinda sita. Imekaa stoo kwangu hapa Karatu, nataka kuiuza. Nimeshaanza kupokea simu za ajabu ajabu, nikaona nije kwanza kwa wanaojua.

Gari yenyewe ilikuwa Land Cruiser HZJ75 ya 1996, hizi tunazoita mkonga. Niliinunua kwa Mjerumani mmoja na mkewe walioshuka nayo kutoka kwao hadi Arusha, wakaamua kurudi kwa ndege. Tabo walikuwa wameshaifunga. Ni ya Australia, kama zilivyo nyingi za injini hii, maana kule wakulima na watu wa migodini wanaipenda 1HZ pengine kuliko hata sisi.

Mimi sikuifuata tabo, niliifuata gari, nipate kutoa vitunguu Mang'ola. Ila anayeijua ile njia ya kupanda kutoka Ziwa Eyasi kuja huku juu ataelewa nikisema nilinogewa. 1HZ ya kawaida ina nguvu za farasi 130 na kitu ikiwa mpya na ikiwa Tanga ufukweni. Huku kwetu hewa ni nyepesi. Ukifika ukingo wa Ngorongoro, kwenye mita 2,300 hivi, imeshapoteza kama moja ya tano ya hizo. Weka na mzigo nyuma, unabaki na gia ya pili na subira, bodaboda wanakupita wanakupungia mkono. Nikiwa na tabo palepale napanda na gia ya tatu, na mlima wa Mto wa Mbu nausahau kabla sijafika Rhotia.

Sasa gari nimeiuza kwa kampuni ya utalii. Fundi wao mkuu aliipenda bodi, akaipenda chasisi, akafungua boneti, akanuna. Akaniambia mzee, hiyo kitu itoke ndipo tuzungumze. Anasema gari zao zote ni injini ya kawaida, na gari ikizima Seronera, katikati ya Serengeti, saa nane mchana na wageni wamo ndani anataka dereva yeyote aweze kuhangaika nayo kwa spana zilizopo. Sikubishana naye, hela ilikuwa yake. Tukafungua, tukarudisha manifodi ya kiwandani, ile inayokusanya moshi kutoka kwenye silinda (Mjerumani alikuwa ameitunza kwenye gunia, Mungu ambariki), pampu ya dizeli ikarudishwa ilivyokuwa.

Vilivyopo: tabo yenyewe ni Garrett, kibati chake kinasomeka. Manifodi ya chuma cha kumimina, bomba la egzosi la inchi 3 linaloshuka kutoka kwenye tabo, bomba la hewa linalovuka juu ya injini, hosi ya kuleta oili na bomba la kuirudisha, stadi na nati zake, na geji mbili, ya presha na ya joto la moshi. Intakula, ile ya kupoza hewa kabla haijaingia kwenye injini, haina. Presha ya hewa ya tabo ilikuwa imewekwa psi 8 na sikuigusa.

Waliopiga simu mpaka sasa: jamaa wa Arusha anataka tabo tupu kwa laki tisa. Kijana ana Hilux ya injini ya 2L, ananiuliza kama "itashika". Mwingine ana Land Cruiser PZJ75, ya injini ya 1PZ, amesikia ni ndugu moja na yangu. Na yuko mzee mmoja wa Mbulu, mtu mzuri sana, yuko tayari kutoa milioni mbili na nusu kwa seti nzima, tena taslimu. Gari yake ni HZJ75 pia, imetembea kilomita laki nne na themanini, asubuhi inawaka kwa kubembelezwa na moshi mweupe unajaa uani. Anaamini tabo ndiyo itairudishia ujana.

Kwa hiyo naulizia: bei halali ni ipi, niuze kwa vipande au nzima, na huyu mzee wa Mbulu nimfanyeje? Hela yake ni nzuri.

---

Mama_Gerezani

Kaka Kitunguu, shikamoo kama ni mkubwa, kama ni mdogo ipokee tu.

Nauza spea Gerezani, Dar es Salaam, nitazungumzia hela, ya ufundi nawaachia wenyewe. Huyo wa laki tisa usimpe. Si kwamba laki tisa ni ndogo kwa tabo iliyotumika, ni kwamba ukishaitoa tabo, vilivyobaki vinakuwa vyuma chakavu mkononi mwako. Tabo ndicho kitu rahisi kupatikana katika seti yote hiyo. Za kichina zimejaa, za mtumba kutoka Japani zimejaa, za Garrett feki zenye kibati kizuri kuliko cha Garrett halisi nazo zimejaa. Kisichopatikana ni ile manifodi ya 1HZ na yale mabomba yaliyokunjwa kulifuata umbo la injini. Mtu akitaka kuitengeneza manifodi hapa mjini atakatiwa mabomba na kuchomelewa, itapasuka kabla hajafika Chalinze.

Seti mpya huko Australia ni dola zao elfu tatu na kitu mpaka elfu tano, inategemea kama ina intakula. Hapo hujasafirisha, hujalipa ushuru, hujalipa VAT ya asilimia 18. Ikifika bandarini mteja ameshazidi milioni kumi, na anasubiri. Ya kwako imetumika, haina intakula, ila ni kamili na iko nchini. Anza na milioni nne na nusu, usishuke chini ya tatu na nusu. Mwenye milioni mbili na nusu anajua anachofanya, hata awe mzuri vipi.

Na piga picha za maana. Nataka kuona kibati, nataka kuona feni zote mbili kwa karibu, manifodi pande zote, na kila kipande kimepangwa juu ya turubai mchana kweupe. Picha ya gizani ya boksi limefungwa naiona kila siku, na sijawahi kumpigia simu aliyeiweka. Hata vile vinati usiviache nje ya picha, mtu akiona vinati vimo anajua kweli imefunguliwa na mtu mwenye akili.

---

FundiWaUnga

Mkuu Kitunguu, nipo Unga Limited hapa Arusha, Land Cruiser ndiyo ugali wangu.

Nianze na wale wawili ili watoke njiani. 2L ni silinda nne na hedi yake, kile kifuniko cha juu ya silinda, inapasuka hata bila kuchokozwa, huyo kijana mwambie aitunze Hilux yake kama ilivyo. 1PZ kweli ni ndugu wa 1HZ, familia moja, ila ina silinda tano. Manifodi yako ina matundu sita. Hapo hakuna mjadala.

Kabla hujaandika tangazo, kagua hivi. Shika shafti ya tabo kwa vidole viwili upande wa feni ya hewa. Ikicheza kidogo kwa pembeni ni kawaida, inaelea kwenye oili, na sasa hivi ni kavu. Isukume mbele na kuvuta nyuma: hapo usisikie kitu. Ukisikia "tik", beringi ya kusukumia imekwisha. Kisha izungushe huku unaisukuma pembeni, ncha za feni zisiguse nyumba yake. Angalia kama kuna mkwaruzo unaong'aa ukutani.

Upande wa moto, fungua uangalie ndani kwenye tundu la westigeti, ule mlango unaopunguza moshi presha isizidi. Karibu zote zilizotumika zina vijinyufa vyembamba pale, visikutishe. Ufa wa kutisha ni wa kwenye manifodi, ule unaotokeza upande wa pili. Mswaki wa chuma, kisha paka mafuta ya taa, pangusa, pakia chokaa au unga wa chaki, subiri. Kama kuna ufa, mafuta ya taa yatatoka yachore mstari kwenye ule weupe. Halafu laza rula ndefu ya chuma kwenye uso unaokaa hedi. Manifodi ya silinda sita ni ndefu, joto linaipinda. Karatasi ya daftari ikipita chini ya rula ni sawa, kadi ya ATM ikipita ni ya kupeleka kuchonga.

Bomba la kurudisha oili usilipoteze, na mnunuzi mwambie lishuke moja kwa moja, liwe nene, lisiwe na tumbo mahali. Oili inaingia kwenye tabo kwa presha, ila inatoka kwa uzito wake tu. Ikikwama, inapita kwenye sili, gari inatoa moshi wa bluu, na fundi asiyejua atasema tabo imekufa. Nimeshaletewa tabo nzima kabisa kwa kosa hilo, mwenyewe ameshanunua nyingine.

Sasa mzee wa Mbulu. 1HZ haikuzaliwa na tabo. Toyota walipotaka tabo kwenye injini ya ukubwa huu walitengeneza nyingine, 1HD-T, zote zilitoka 1990. Mgandamizo wa hewa ndani ya silinda kwa 1HD-T ni 18.6 kwa 1, kwa 1HZ ni zaidi ya 22. Na 1HZ dizeli inaungulia kwanza kwenye kijichumba ndani ya hedi ndipo moto uende kwenye pistoni. Ukiongeza hewa na dizeli, joto lote linalala kwenye hedi. Injini nzima, psi 8, pampu imepimwa, inavumilia miaka. Wewe ni shahidi. Injini iliyochoka haivumilii. Hiyo yenye moshi mweupe asubuhi, mgandamizo umeshuka, au nozo za kunyunyizia dizeli zimekwisha, au plagi za kupashia joto, au vyote. Tabo haimrudishii mgandamizo. Itasukuma hewa ipite kwenye ringi zilizolegea, oili itapanda kwenye bomba la kupumulia, itaingia kwenye hewa, na injini ya dizeli ikianza kunywa oili yake yenyewe hata ukizima swichi haizimi.

Mwambie aje kwangu nimpime mgandamizo. Mara nyingi hawa wazee nozo zikishatengenezwa na mkanda wa taiming ukikaa sawa, gari inapata nguvu anazozitaka na hela inabaki.

---

Mkonga_Mstaafu

Fundi amesema vizuri ila amekuwa mpole. Mimi nimeendesha wageni kaskazini nikiwa kijana mpaka mvi, na nasema 1HZ iachwe kama Mjapani alivyoiacha.

Bosi wangu mmoja aliweka tabo kwenye gari mbili. Mwanzoni sote tulizigombea. Tatizo halikuwa tabo, tatizo ni mguu wa dereva. Ukimpa kijana gari inayopanda, atapanda nayo. Hakuna aliyekuwa anaangalia ile geji ya joto, na kwenye gari moja bosi hakuiweka kabisa, alisema ni pambo. Ile isiyokuwa na geji hedi ilipasuka karibu na Naabi, geti la Serengeti, wageni sita ndani, tukakaa pale tunawaonyesha simba ambaye hakuwepo. Iliyokuwa na geji ilikwenda muda mrefu mpaka ikauzwa.

Kwa hiyo mkuu Kitunguu, usimuuzie yeyote bila zile geji. Akikuomba upunguze bei aziache, kataa.

---

Kitunguu_Karatu

Wakuu asanteni, na Mama Gerezani marahaba, nimevuka hamsini.

Nimekagua leo kama fundi alivyosema. Shafti mbele na nyuma haina kitu. Pembeni inacheza kidogo, feni haigusi. Kwenye westigeti kuna vijinyufa viwili kama nywele, nimevipiga picha. Manifodi nimeipaka mafuta ya taa na chaki ya mwanangu wa darasa la nne: haijachora. Rula nimeazima kwa fundi seremala, karatasi inapita kidogo katikati, kadi haipiti.

Mzee wa Mbulu nilimpigia. Nikamweleza yote, mpaka hilo la injini kunywa oili yake. Akanyamaza, akaniuliza: "Kwa hiyo umepata wa bei kubwa?" Nikamwambia sijapata wa bei yoyote. Hakuniamini. Nimempa namba ya fundi hata hivyo.

Swali la nyongeza kwa fundi: kuna watu wananiuliza kama pampu lazima iguswe. Wanataka kufunga tu na kuondoka.

---

FundiWaUnga

Ikifungwa bila kugusa pampu itakwenda, na joto litashuka kidogo kuliko awali kwa sababu hewa imezidi. Faida wataiona milimani, kule ambako hewa ilikuwa haitoshi. Kwa mtu wa kwenu huko juu si wazo baya hata kidogo, namshauri aanze hivyo.

Ila wataiona ndogo, na hapo ndipo mtu anachukua bisibisi mwenyewe. Pampu ya 1HZ ya kawaida haina kile kikofia cha juu cha kupima presha ya tabo ili kiongeze dizeli taratibu. Ukikaza skurubu ya dizeli, umeongeza muda wote, tabo iwe imeamka au imelala. Ndiyo maana unaona mkonga wenye tabo unaondoka taa za barabarani umeacha wingu jeusi. Dizeli iongezwe robo kwa robo, gari iko mlimani na mzigo, jicho kwenye geji. Mimi kipimo kikiwa kabla ya tabo sipendi sindano ikae juu ya digrii 650. Ikifika hapo unashusha gia, unapunguza mguu. Na ukifika safari usizime papo hapo, iache iungurume kidogo oili iendelee kuipoza tabo.

Hiyo manifodi iliyopinda kidogo katikati itakaa na gasketi mpya. Gasketi ya zamani usiiuze, itupe.

---

Nanyuki_79

Sasa wakubwa. Niko Nanyuki, Kenya, na hii ndiyo kitu nimekuwa nikitafuta. Gari yangu ni HZJ79 pickup ya 2005, 1HZ, nabeba maziwa na nyasi. Huku tuko karibu mita 1,950, kwa hivyo hiyo hadithi ya bodaboda naijua. Injini ilifanyiwa overhoo mwaka jana, pistoni na ringi mpya, hedi ilipimwa ikarudi. Risiti ziko.

Maswali yangu mawili tu. Yako ilikuwa 75, yangu ni 79, mabomba yatatoshea? Na kompresa ya AC inabaki?

---

FundiWaUnga

Manifodi na tabo vitakaa, injini ni ileile. Mabomba ndiyo yanaweza kukusumbua: la egzosi linaposhuka kupita chasisi, na la hewa linapoelekea kwenye ea klina. 75 na 79 hazifanani pale mbele, yako ina springi za kuviringika mbele na chasisi tofauti. Tenga hela ya fundi wa egzosi kukata na kuunga sehemu moja au mbili. Usibane, inchi 3 ibaki inchi 3 mpaka nyuma. Klachi nayo iangalie, kama ni ya zamani itaanza kuteleza wiki ya kwanza ya kubeba nyasi mlimani.

---

Kitunguu_Karatu

AC kwenye yangu ilikuwepo na ilifanya kazi, kompresa haikuguswa. Niliendesha na AC hadi Arusha mara nyingi tu, mke wangu ni shahidi.

Bei ni milioni nne, na geji zote mbili zimo. Nakuongezea pia yale maelezo ya kufungia aliyoniachia Mjerumani. Ni ya Kiingereza, yana picha, yameloa oili ukurasa wa kati lakini yanasomeka.

---

Nanyuki_79

Milioni nne zenu nimezipigia hesabu kwa shilingi zetu, si mbaya ila nishushie kidogo, bado niko na fundi wa egzosi na klachi. Fanya tatu na nusu. Na bila hiyo geji ya presha, ninayo moja. Nichukue ya joto pekee.

---

Mama_Gerezani

Kaka Kitunguu, msitumiane hela kabla hamjaonana. Kuna matapeli wanasoma humu pia, kesho utapigiwa na "Nanyuki" wa pili. Kutaneni Namanga, afungue boksi, aishike shafti mwenyewe, alipe. Na hiyo manifodi ni nzito na chuma cha kumimina hakipendi kudondoshwa, ukiitupia kwenye buti la basi bila magunia itafika vipande viwili. Mambo ya forodha aulize yeye upande wake kabla hajavuka, asije akasema hukumwambia.

---

Kitunguu_Karatu

Nanyuki, nakufanyia tatu na laki saba, na geji zinakwenda zote. Ya presha kama unayo, hiyo nyingine mpe jirani. Mkonga_Mstaafu amenitia woga.

Jumamosi ya wiki ijayo nashusha mzigo Arusha, nikitoka hapo nafika Namanga kama saa saba. Nitakuwa na Fuso nyeupe. Nitumie picha ya risiti za overhoo kwa ujumbe wa faragha, na wewe uje na mtu anayejua, sitaki tukubaliane kwa kuaminiana halafu uje kunisema humu.

Yule wa laki tisa kanipigia tena asubuhi hii. Amefika milioni moja na laki moja. Kwa tabo tupu.

---

Nanyuki_79

Tatu na laki saba sawa. Nakuja na fundi wangu na rula yake. Hizo picha za nyufa za westigeti nitumie leo jioni azione mapema.